Mwenzako wa Chuo Anaomba Pesa? Mpigie Kwanza

Baada ya kuhitimu kila mtu alishika njia yake: mmoja anafundisha Lodwar, mwingine anauza nguo Gikomba, mwingine bado anatafuta kazi. Halafu kundi la WhatsApp linafunguliwa na habari zinamiminika: nani ameoa, nani amejifungua, nani amefiwa.

Tapeli naye hupenda makundi kama haya. Anachukua jina na picha ya mwenzenu, kisha anakuandikia: "Buda, nimebadilisha laini. Niokolee na elfu tatu, nakurudishia jioni."

Usitume bado. Piga ile namba yake ya zamani. Haipatikani? Piga hiyo mpya, usikie sauti, umuulize jambo la hosteli ambalo halijawahi kuandikwa mtandaoni.

Ukituma kwa M-PESA, soma jina linalotokea. Likiwa la mtu usiyemjua, simamisha. Ukikosea namba, tuma ujumbe wa muamala kwa 456 haraka. Lakini tapeli hutoa pesa papo hapo, kwa hivyo usitegemee kurudishiwa.

Mwenye shida ya kweli hatakasirika ukimpigia. Pengine anahitaji kuongea kuliko hata hizo pesa.