Masini yenye kusema uongo

Pengine umeona ile filme 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, iliyotoka mwaka 1968. Watu 5 wanasafiri kwenda Jupita; 3 kati yao wamelazwa usingizi mrefu. HAL, ordinatere yenye akili, ndiyo inayoongoza chombo. Siku moja inasema kifaa fulani kitaharibika kisha saa 72. Wanakipima: ni kizima! Mwishowe inaua watu 4. David Bowman peke yake anapona, anaizima.

Juu ya nini? Filme ya pili, ya 1984, inajibu: HAL ilitengenezwa itoe habari bila kuficha, lakini wakubwa waliiamuru ifiche kusudi la safari.

Basi vijana, uongo ulianza kwa watu. Na ninyi wazazi, musitume mtoto mlangoni: «Sema baba hayuko.»