Mtu Nyuma, Torki Chini: Nduthi za Kitambo Jinja Mpaka Sipi

Ukiwa solo, kila nduthi ni noma. Hata ile ya kusambaza mkate. Rada inabadilika mtu wako akipanda nyuma na bag yake, mnatoka Jinja, mnacheki Mbale, alafu mnapanda mlima hadi Sipi. Hapo injini inasema ukweli. Na ukweli ni huu: kama unabeba mtu, wachana na mwaka, wachana na rangi. Nunua torki.

Mzee wa benchi pale steji atakushow Boxer inatosha. Si hubeba watu watatu na godoro? Mnunulie chai, enda zako. Bajaj Boxer 150 iko na hosipawa 12 hivi na torki ya newtonmita 12. Ni king wa steji, hiyo hatubishani. Sasa cheki Honda Transalp iliyotoka 1987, cc 583: hosipawa kama 50, torki imepita newtonmita 50. Piga hesabu. Boxer, nyinyi wawili na bag ni kama kilo 275. Transalp na mzigo uleule ni kama 350. Uzito umepanda robo tu. Msukumo umepanda mara nne. Mzee agombane na hesabu.

Skiza poa. Torki ndio inawang'oa pale chini. Hosipawa ni torki ikizidishwa na spidi ya mizunguko ya injini. So bike ya racing inaweza kuwa na hosipawa mob na bado ikalala kwa revs za chini. Utaitesa klachi, utacheza gia kila dakika, na kila gia helmeti ya mtu wako inagonga yako. Ko! Gia ingine. Ko! Kufika Iganga hamwongei. Tourer za kitambo zilitengenezwa zivute kutoka chini. Unaacha top gear, unafungua kidogo, inaenda. Hakuna ko.

Barabara sasa. Jinja hadi Iganga uko kwa njia ya matrela ya kutoka Malaba na Busia. Ku-overtake tanka ya mafuta na mtu nyuma si mchezo. Kila sekunde uko kwa lane ya wenyewe ni ya kuombea. Pawa ya akiba inapunguza hizo sekunde, na hiyo ndio sababu serious ya kuitaka. Show-off baadaye. Ukipita Nakalama unashika Tirinyi Road: flat, mpunga, mabwawa, Namutumba, Budaka. Hapo hata Boxer inajiita bazu.

Ukishaacha Mbale, mlima unaanza kudai. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, kwa hivyo Jinja, pale kando yake, tayari hewa ni nyepesi. Sipi ni kama 1,775. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia kumi ya pawa kila mita 1,000. Ile Boxer ya 12 sasa ni ya kumi. Transalp bado iko na arobaini na kitu. Na kama ni ya kabureta, hewa ikipungua petroli inazidi kwa mchanganyiko, inaanza kukohoa na kunywa. Jet ziwekwe sawa kabla ya safari. Filter chafu? Toa hiyo takataka.

Aibu namba moja: kuambia mtu wako ashuke atembee kilima, na watoi wa kijiji wanawashangilia. Namba mbili: exhaust ya kelele kwa bike isiyovuta. Sauti ya simba, mwendo wa mbuzi. Namba tatu: Honda Gold Wing kwa murram. Hiyo sofa ilitengenezewa highway, iachwe highway.

Ununue gani basi? BMW R80 G/S ya 1980, hosipawa 50, shaft badala ya cheni, ni babu mwenye swag. Honda Africa Twin ya 750 ya 1990, hosipawa kama 60, ndio sweet spot. BMW R1150GS ina hosipawa 85 na torki ya newtonmita 98, inapanda Sipi ikipiga mluzi. Lakini ni kama kilo 250 kabla hamjapanda. Ikilala kwa matope ya Bugisu, upande wa Mbale, mtaita kijiji kizima. Tairi ni chapaa. Spea unaagiza mbali, unangoja, unalipa, unangoja tena. Kwa mfuko wa mtaa, cc 600 hadi 750 zinatosha kabisa.

Mzee wa benchi anarudi: injini ya kitambo imechoka. Zingine, eeh. Ndio maana unapima compression na valve clearance kabla ya kutoa ganji. Yenye compression imeanguka haina tena zile 50 za karatasi. Yenye iko fiti itawazika wazee wote wa benchi.

Na mheshimu mtu wako. Kaza spring ya nyuma, ongeza upepo kwa tairi ya nyuma vile kitabu cha bike kinasema, helmeti iwe mbili, na zote ziwe za ukweli. Ukishuka Sipi tumia gia, breki zipumzike.

Ukienda kununua, usijaribu solo. Peleka beshte mzito. Tafuta kilima, weka gia ya tatu, spidi 40, fungua yote. Ikivuta, lipa. Ikilia, rudisha funguo na usiskize stori za muuzaji.