Kabla ya Kupanda Ndege Manda: Nani Husimamia Usalama wa Chakula?

Abiria anayesafiri kwa ndege kutoka mjini Lamu huvuka kwanza kwa boti hadi uwanja wa Manda. Wengi hufika mapema, tena bila kula. Wakisubiri ndege huagiza chai na mahamri, au wali kwa samaki. Je, chakula hicho kikiwa na kasoro, ni nani wa kuulizwa?

Uwanja ni wa taifa, leseni ni ya kaunti

Kwa kuwa uwanja husimamiwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ya Kenya, wapo wanaodhani kaunti haina usemi ndani ya lango. Sivyo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la kutoa leseni kwa biashara zinazouzia umma chakula na kuzidhibiti. Kwa hivyo mkahawa wa uwanjani huhitaji leseni kama hoteli yoyote ya mjini. Kila mpishi na mhudumu anayeshika chakula anatakiwa kupimwa na kuwa na cheti cha afya, ambacho huhuishwa kila baada ya miezi 6.

Maji, barafu na saa

Kisiwa cha Manda kina uhaba wa maji matamu, na bidhaa nyingi hufika kwa boti. Mambo matatu basi yanahitaji uangalifu.

Kwanza ni maji. Maji ya kunywa na kupikia yawe safi na yahifadhiwe katika chombo chenye kifuniko. Ya kunawa mikono yawe ya kutiririka, pamoja na sabuni.

Pili ni samaki. Jodari na nguru wakikaa juani bila barafu hutengeneza sumu iitwayo histamini, na sumu hiyo haiondoki hata samaki akikaangwa vizuri. Mlaji huweza kuwashwa mwili, kuiva uso, kuumwa na kichwa au kutapika, wakati mwingine dakika chache tu baada ya kula. Ndani ya ndege ndogo, hilo ni jambo zito.

Tatu ni muda. Ndege ikichelewa, chakula cha asubuhi nacho husubiri. Chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa 2. Cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 za selsiasi, na cha baridi kiwe chini ya nyuzi 5.

Mteja afanye nini?

• Aangalie kama leseni imetundikwa mahali pa wazi. Kuuliza si ukorofi.
• Achague chakula kinachotoka jikoni kikifuka moshi.
• Samaki akiwa na ladha ya kuwasha ulimini kama pilipili, na hakutiwa pilipili, aache kumla.
• Akihisi vibaya, awaarifu wahudumu wa uwanja kabla ya kupanda ndege.
• Aweke risiti na kuripoti kwa afisa wa afya ya umma aliye karibu, akitaja siku, saa na chakula alichokula.

Ripoti ya mteja mmoja humwezesha afisa kukagua jikoni kabla abiria wa ndege inayofuata hawajaketi mezani.