Kolesteroli nzuri isikupe kiburi cha kula ovyo

Ukitaja kolesteroli mtaani, wengi watakuambia huo ni ugonjwa wa wazee wenye vitambi. Si kweli. Kila mtu ana kolesteroli, hata yule dada mwembamba anayekimbia kila asubuhi. Sehemu kubwa hutengenezwa na ini lako mwenyewe. Mwili huitumia kujenga kuta za seli na kutengeneza nyongo, vitamini D na homoni.

Lakini mafuta na maji hayapatani, kwa hivyo kolesteroli haiwezi kusafiri peke yake kwenye damu. Lazima ibebwe. LDL, ile inayoitwa mbaya, huipeleka sehemu mbalimbali za mwili. Ikizidi, hupenya kwenye kuta za mishipa na kuacha mzigo humo. Miaka ikisonga, mishipa huziba. HDL, ile nzuri, ni kama mzoa taka wa mtaa: huokota ya ziada na kuirudisha kwenye ini.

Sasa kuna wale wanaosema, "Nzuri yangu iko juu, wacha nijipe raha." Hapo ndipo watu hupotea.

Mwaka 2006, kampuni ya Pfizer ilisimamisha majaribio ya dawa ya torcetrapib yaliyohusisha watu zaidi ya 15,000. Dawa hiyo ilipandisha HDL kweli kweli, ila vifo vilikuwa vingi zaidi miongoni mwa walioimeza. Ilikuwa pia inapandisha presha. Baadaye niasini, ambayo nayo huongeza HDL, haikuwapa faida ya ziada wagonjwa waliokuwa tayari wanatumia dawa za kushusha LDL.

Yaani HDL ni dalili tu ya jinsi mwili unavyoendelea, wala si ngao. Ikiwa chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke (kwa kipimo cha mmol/L), hiyo ni ishara ya kujichunguza. Ikiwa juu, bado LDL inaweza kukumaliza polepole, na haina dalili unazoweza kuhisi.

Ufanye nini basi? Acha sigara, kwa sababu hushusha HDL. Fanya mazoezi angalau dakika 150 kwa wiki. Hata kushuka matatu stendi mbili kabla ya kwako na kutembea kunahesabika. Chipsi na smokie zisiwe chakula cha kila siku. Omena, maharagwe, njugu na avokado ziko sokoni, na nyingi hazihitaji pesa ndefu. Pombe nayo hupandisha HDL kidogo, lakini usijidanganye: huumiza ini na kupandisha presha.

Na kama mzazi au ndugu yako alipatwa na mshtuko wa moyo akiwa bado kijana, usingoje ufike miaka 40. Nenda upimwe. Ukipewa majibu, usifurahie HDL peke yake. Muulize daktari: LDL yangu je? Presha je? Sukari je?