Usipandikize vifaranga juu ya tope la zamani

Leo naomba twende pamoja hadi kwenye bwawa la samaki lililotelekezwa. Kama umepita vijiji vya Ruvuma, Njombe au Mbeya, huenda umeliona. Lilichimbwa kwa nguvu nyingi, likavunwa mara mbili tatu, kisha mwenyewe akachoka. Sasa matete yameota katikati na magugu yamefunika maji. Pale palipokuwa na kina cha zaidi ya mita 1, ukitumbukiza fimbo inagota kwenye tope kabla maji hayajafika magotini.

Ajabu ni kwamba kwa mbali bwawa hilo linapendeza. Ni kijani kitupu, mgeni anaweza kudhani ni bustani. Lakini chini ya kijani hicho hewa ni haba. Majani yanayooza hula oksijeni iliyomo majini, na usiku mimea nayo huitumia hiyohiyo. Ndiyo maana alfajiri utawaona samaki wamepanda juu, midomo wazi, wakitafuta pumzi.

Zipo nyumba za Wakristo zilizo hivyo. Jumapili sare ya kwaya imenyooshwa, sadaka imetolewa, picha ya familia imepigwa nje ya kanisa. Ndani, baba na mama hawajazungumza tangu mwezi uliopita, isipokuwa kwa kumtuma mtoto: "Mwambie baba yako chakula kipo mezani." Je, nyumba hiyo ni yako?

Hakuna mtu aliyekuja usiku kulifukia bwawa lile. Kila mvua ilileta udongo kidogo kutoka shamba la juu, lililolimwa hadi ukingoni. Kila wiki magugu machache yaliachwa kwa sababu kesho ipo. Sala ya jioni nayo haifi siku moja. Inaahirishwa leo kwa uchovu, kesho kwa taarifa ya habari, na baada ya mwaka hakuna anayekumbuka nani alikuwa anaianzisha.

Mtu anapotaka kulifufua bwawa, njia za mkato humwita. Anaweza kununua vifaranga wapya na kuwamwaga humohumo. Watakufa, au watadumaa pamoja na perege wa zamani ambao wamezaliana mpaka bwawa limejaa samaki wa ukubwa wa kidole. Anaweza kumwaga dawa ya kuua magugu yote kwa siku moja. Yatakufa kweli, lakini yatakapooza kwa pamoja yatamaliza hewa, na samaki wataelea. Au anaweza kulifukia na kupanda mahindi.

Sisi nasi tunazijua njia hizo. Tunafunga ndoa upya kwa sherehe bila kuzungumzia kilichotuumiza. Tunachagua usiku mmoja wa kumwaga hasira ya miaka kumi, watoto wakisikiliza ukutani. Au tunasema basi, kila mtu ashike njia yake.

Fundi wa mabwawa hafuati njia hizo. Kwanza anatazama juu, udongo unakotoka. Anachimba mfereji wa kukinga maji ya mvua, anaacha ukanda wa nyasi kati ya shamba na bwawa. Asipofanya hivyo, tope atakalolitoa leo litarudi masika ijayo. Kwako wewe, udongo unatoka wapi? Ni pombe? Ni deni ambalo mwenzako halijui? Ni ndugu anayeingilia kila neno la nyumba yenu? Anza hapo. Na kama kinachoingia ni kipigo, usiambiwe uvumilie tu kwa jina la imani. Toka mahali pa hatari kwanza, tafuta msaada. Mengine yatafuata.

Kisha anayatoa maji, na tope linaonekana. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, maana harufu yake ni ya mayai viza. Mpendwa, harufu hiyo haimaanishi kazi imeharibika. Lilikuwepo siku zote, maji tu yalilifunika. Maungamo nayo yana siku yake ya kunuka.

Tope likitolewa halirundikwi ukingoni, kwa kuwa mvua ya kwanza italirudisha ndani. Linapelekwa mbali, kwenye migomba au bustani ya mboga, na huko linakuwa mbolea. Kosa ulilosamehe ukiliweka karibu ili ulitumie mkigombana tena, umelirundika ukingoni. Lakini likipelekwa kwa Mungu kweli, laweza siku moja kumsaidia mwanandoa mchanga anayekuja kwenu kuomba ushauri.

Baadaye bwawa linaachwa jua lilikaushe mpaka sakafu ipasuke. Chokaa inanyunyizwa, maji yanarudishwa, samadi inatiwa, na linasubiriwa hadi maji yawe na rangi ya kijani hafifu, dalili kwamba chakula cha samaki kipo. Ndipo vifaranga huingia, 2 au 3 kwa kila mita ya mraba, nao huchukua miezi 6 au zaidi kufikia kuvunwa. Aliyeumizwa naye anahitaji muda. Usimdai furaha wiki ile ile uliyoomba msamaha.

Lakini pia bwawa safi lisikae tupu, maana magugu yatarudi. Bwana Yesu alionya kuhusu nyumba iliyofagiwa ikaachwa bila mwenyeji (Mathayo 12:43-45). Ukiacha ulevi, zile saa za jioni zijaze kitu: mezani pamoja na watoto, jumuiya, Neno.

Utasema, "Mimi niko tayari, mwenzangu hataki." Soma Mwanzo 26. Isaka alikuta visima vya baba yake vimefukiwa udongo na Wafilisti. Alivifukua, akavirudishia majina yaleyale ya zamani. Watumishi wake walipochimba vingine, wachungaji wa Gerari waligombania kimoja, kisha cha pili. Hakupigana, wala hakuacha kuchimba. Kisima cha tatu hakikugombaniwa, akakiita Rehobothi. Sikuahidi kwamba mwenzako atageuka mwezi huu. Ninachokuomba ni kuchimba upande wako.

Leo ukitoka ibadani, usinunue vifaranga. Keti na yule mliyenyamaziana, bila simu na bila mtoto wa kutumwa, umuulize ni lini udongo ulianza kuingia. Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.

Mungu akutie nguvu mikononi. Jumapili njema.