Fedha Imekatwa, Risiti Haijaja: Kinachotokea Ndani ya Seva

Mtumiaji ananunua umeme wa shilingi 20,000 kwa simu, saa tatu usiku, nyumba ikiwa gizani. Alama ya kusubiri inazunguka kwenye kioo, kisha yanatokea maneno "muda umekwisha". Anarudia kulipa. Baada ya dakika chache zinaingia tokeni mbili, na fedha aliyoiweka kwa ajili ya chakula cha kesho imekwenda. Hakuna aliyemwibia. Alidhani tu kwamba jambo lisiloonekana kwenye simu yake halijafanyika.

Kati ya simu yako na mahali fedha yako inapoandikwa kuna kompyuta ya katikati, yaani seva ya programu. Daftari la fedha haliko kwake. Liko katika hifadhidata, ambayo huandikwa kwenye diski na hubaki hata umeme ukikatika. Seva yenyewe hufanya kazi kwa kumbukumbu ya muda, ambayo ni ya haraka sana lakini hufutika mara inapozimwa. Unapouliza salio, seva huchukua nakala ya akaunti yako kutoka kwenye daftari, huiweka katika kumbukumbu hiyo, na mara nyingi hukujibu kwa kutazama nakala. Ni kama karani wa duka la jumla anayeandika deni la mteja kwenye kipande cha karatasi ili asipande ghorofani kila anapoulizwa.

Karatasi hiyo huweza kupitwa na wakati. Ndiyo maana programu ya simu huweza kuonyesha salio la zamani ilhali ujumbe mfupi umekwisha kutaja jipya. Ili nakala iliyopitwa isiharibu daftari, mifumo mingi huipa kila kumbukumbu ya akaunti namba ya toleo inayoongezeka kila inapobadilishwa. Kabla ya kuandika, namba iliyo kwenye nakala hulinganishwa na ile ya daftari. Zikitofautiana, uandishi hukataliwa na kazi huanza upya.

Mwaka 1983 wataalamu Theo Härder na Andreas Reuter walizipa jina la pamoja sifa nne za muamala wa kuaminika. Mbili zinamhusu moja kwa moja mtumiaji wetu wa gizani: muamala hukamilika wote au haufanyiki kabisa, na ukishathibitishwa, haufutiki hata seva ikianguka. Basi seva ikianguka kabla ya kuthibitisha, fedha hubaki kwako kana kwamba hukuomba chochote. Ikianguka baada ya kuthibitisha lakini kabla ya kukujibu, fedha imeondoka nawe huna habari. Kwenye simu yako hali hizi mbili hufanana kabisa, na hapo ndipo watu hulipa mara mbili.

Kuna hali ya tatu, nayo ndiyo yenye usumbufu mkubwa zaidi. Malipo ya umeme hupita katika madaftari ya taasisi zaidi ya moja. La kwanza huweza kuandika kwamba fedha imetoka, na la pili lisipate habari. Hapo marejesho husubiri taasisi hizo zilinganishe hesabu zao.

Je, kwa nini seva ianguke? Sababu ni nyingi, mojawapo ikiwa ni kujaa kwa kumbukumbu. Kila mteja aliyeingia huacha nakala zake humo. Lugha za programu kama Java zina utaratibu wa kuondoa nakala zisizotumika tena, wazo lililobuniwa na John McCarthy karibu mwaka 1959. Hata hivyo, mtayarishaji wa programu akiacha nakala zikiendelea kushikiliwa bila sababu, utaratibu huo hauwezi kuziondoa, nazo hurundikana mpaka seva izidiwe. Kumwondoa mteja aliyekaa kimya ni njia mojawapo ya kupunguza mrundikano huo, mbali na kulinda usalama wake. Lakini kuondolewa kwako kwenye mfumo hakufuti malipo uliyokwisha kuyaidhinisha.

Kwa hiyo, usirudie kulipa kabla ya kuuliza daftari. Subiri dakika kadhaa, kisha omba salio upya au taarifa fupi ya miamala. Mifumo iliyojengwa vizuri huipa kila oda namba yake, hivyo ombi lililotumwa mara mbili kwa hitilafu ya mtandao hutambuliwa kuwa moja. Ukianza upya kwenye menyu, hata hivyo, umetoa oda mpya yenye namba mpya, na mfumo hauna njia ya kujua kwamba hukukusudia.

Ikiwa fedha imekatwa na huduma hukuipata, mpe mtoa huduma namba ya muamala, kiasi na saa, nawe udai namba ya lalamiko lako. Asipokutatulia, peleka lalamiko kwa mamlaka inayomsimamia, pamoja na namba hizo mbili. Picha ya kioo yenye maneno "muda umekwisha" haitoshi, kwa kuwa haionyeshi kilichoandikwa kwenye daftari. Na akikupigia mtu akisema anakurudishia fedha na kwamba anahitaji namba yako ya siri, kata simu: marejesho hufanywa na mtoa huduma upande wake, wala namba hiyo haihitajiki.