Land Rover Bovu la Bei Rahisi: Mambo ya Kupima Kabla ya Kutoa Fedha za Chama

Ndugu Wanachama,

Kama mjuavyo, Halmashauri imeletewa barua ya mtu anayetaka kutuuzia Land Rover bovu kwa bei ndogo. Gari lenyewe limelala chini ya mwembe mwaka wa tatu sasa. Wako waliofurahi wakasema ni riziki imetujia mlangoni, na wako waliosema kwamba tukilinunua tutakuwa tumechimba kaburi la fedha zetu. Jambo hili litaletwa mbele yenu katika mkutano ujao, nanyi ndio mtakaoamua.

Haja ya gari sote twaijua. Mvua za vuli hutukuta tukiwa juu ya mikarafuu. Njia za mabondeni huwa utelezi mtupu, na wenye magari ya kukodi hukataa kushuka. Karafuu mbichi zikilazwa guniani hupata joto na kuvunda, na karafuu iliyovunda haina bei. Hata hivyo, haja ya kitu si sababu ya kukinunua kwa kufumba macho. Kwa hiyo nimeona si haki niwaachie kupiga kura gizani, na hali mimi mwenyewe nimeona kwa macho yangu kazi ya kufufua gari la namna hii, tena nimelipa ada ya mafunzo hayo kwa makosa yangu.

Mafunzo hayo niliyapata Nassa. Nassa iko Bara, kando ya Ziwa Viktoria, katika Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu. Kabla mkoa huo haujaundwa mwaka 2012, ilihesabiwa katika Mwanza. Wenyeji wake ni Wasukuma, na zao lao la fedha ni pamba, kama letu lilivyo karafuu. Dada yangu ameolewa huko. Sehemu nyingi ardhi yake ni udongo mweusi mzito ambao wenyewe huuita mbuga. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kutia mkono, na mvua ikinyesha hugeuka gundi, ukajaa katika matairi hata yakawa laini kama sabuni. Huko gari lisiloendeshwa kwa magurudumu yote manne hungoja jua.

Shemeji yangu na wenzake watatu walikuwa wamechanga fedha wakanunua Land Rover lililopinduka, la aina ya 109, Series III. Paa limebonyea, kioo cha mbele hakipo, na kuku wametaga chini ya usukani. Nilipoliona nikasema, "Shemeji, hapa mmenunua vyuma." Fundi mzee aliyekuwa akifanya kazi akanijibu bila kuinua kichwa, "Bwana mgeni, wewe watazama shati. Mimi natazama mifupa."

Shati na mifupa

Maneno ya fundi yana maana kubwa. Land Rover lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza katika mwaka 1948, huko Amsterdam. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa kwa mgao, basi kampuni ya Rover ikaunda mwili wa gari kwa mchanganyiko wa alumini. Alumini haishiki kutu kama chuma, na ikibonyea hugongwa ikanyooka. Lakini chesisi, yaani boriti mbili ndefu zinazobeba injini, giaboksi, springi na mwili wote, ni ya chuma cha mabamba yaliyochomelewa kama kasha. Chuma hicho huliwa na kutu kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo gari laweza kuwa na sura nzuri na mifupa imeoza, au likawa na sura ya kutisha na mifupa mizima.

Kosa la shemeji na wenzake lilikuwa hapa. Walianza na injini, kwa sababu injini hupiga kelele na mtu hufurahi kuisikia. Walinunua ringi za pistoni, gasketi na klachi, gari likaunguruma, wakalipakia pamba. Halikufika wiki mbili: chesisi ikapasuka pale inaposhika springi ya nyuma, na yote waliyoyafunga ikawabidi wayafungue tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na wao walijenga ukuta kwa fedha za pamba ya msimu mzima.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: anzeni chini. Chukueni nyundo ndogo mgonge chesisi tangu mbele hata nyuma. Chuma kizima hutoa sauti kali; kilichooza hutoa sauti nzito, na pengine nyundo huzama. Gongeni zaidi mahali pa kushikia springi, boriti ya mwisho nyuma, na mikono inayotoka ubavuni kubebea mwili. Kama gari lilipinduka au kugongwa, chukueni kamba mpime kutoka pembe ya mbele kulia hata pembe ya nyuma kushoto, kisha mpime vile vile upande wa pili. Vipimo visipolingana, chesisi imepinda, na gari lililopinda hula matairi siku zote.

Mahali palipooza sharti pakatwe hata kufikia chuma kizima, ndipo pachomelewe bamba jipya. Kupachika kiraka juu ya kutu ni kuificha tu. Na kabla ya kuchomelea, betri ifunguliwe, na tangi la petroli liondolewe kabisa likawekwe mbali. Hata tangi lisilo na petroli lina mvuke wake, na huo ndio unaolipuka.

Injini na giaboksi

Baada ya mifupa ndipo injini. Chomoeni kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia ndani, na pengine hedi imepasuka au gasketi imeungua. Kisha zungusheni injini kwa hendeli. Mkono ukisikia ugumu sawasawa mara nne, silinda zote zinabana. Ukisikia wepesi mara moja, silinda moja haina nguvu. Mshikapo hendeli, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, wala kisiizunguke, maana injini ikirusha nyuma yaweza kuvunja mkono.

Rejeta isafishwe kwa maji mengi hata yatoke meupe. Gari la shamba huenda polepole kwa nguvu nyingi, upepo ni mdogo, na injini nyingi huuawa na joto kuliko uzee.

Land Rover la aina hii lina giaboksi mbili zilizofuatana. Ile ndogo ndiyo inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukibonyeza kitufe cha manjano, magurudumu ya mbele nayo huvuta. Ukisimamisha gari na kuuvuta nyuma mkono wenye kichwa chekundu, utapata gia za chini, na magurudumu yote manne huvuta pamoja. Mkipima gari bovu, liinueni magurudumu yote juu ya magogo imara, tieni gia za chini, kisha mtazame kama propela ya mbele inazunguka. Isipozunguka, mnauziwa gari la magurudumu mawili kwa jina la manne.

Ziko khabari mbili za kukumbuka. Kwanza, kwenye barabara kavu ya lami msiendeshe kwa magurudumu manne. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope huteleza kidogo wakapatana. Kwenye lami hawana pa kutelezea, na meno ya gia hubanwa hata kuvunjika. Pili, ndani ya ekseli mna fimbo za chuma zinazozungusha magurudumu. Dereva aliyekwama akiachia klachi kwa ghafula, fimbo hukatika. Lakini ikikatika ya nyuma, gurudumu halianguki. Hufunguliwa boliti za kitovu, vipande vikatolewa, na gari likarudi nyumbani kwa kuvutwa na magurudumu ya mbele.

Breki, na kosa langu

Breki za gari lililolala muda mrefu zisiaminiwe hata kidogo. Mipira ya silinda zake hukauka, na mabomba hutoboka kwa kutu. Vyote vibadilishwe, na upepo utolewe, kabla gari halijatembea hatua mia.

Sasa nieleze kosa langu, ili mwingine asilirudie. Siku moja nilitaka kuwasaidia. Nikavuta breki ya mkono, nikatia jeki, nikainua gurudumu moja la nyuma, na mtoto wa dada yangu akajilaza pembeni kutazama. Gari likaanza kuteremka. Fundi alipiga kelele, akamvuta mtoto mguu, na jeki ikaanguka pale pale alipokuwa. Nilitetemeka hata jioni.

Sababu yake ni hii. Katika gari hili breki ya mkono haishiki magurudumu. Hushika propela, nyuma ya giaboksi ndogo. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, difu huliachia lizunguke bure, na lile lililo chini nalo huzunguka. Breki imefungwa na gari linakwenda. Kwa hiyo sharti magurudumu yaliyo chini yawekewe mawe au vipande vya magogo, mbele na nyuma, kabla jeki haijaguswa. Na jeki ni ya kuinulia tu. Ya kulindia mtu ni magogo. Hali kadhalika fimbo ya nyuma ikikatika, breki ya mkono haifai mpaka utie magurudumu manne.

Kulitayarisha kwa njia mbaya

Vijana wengi hupenda kuliinua gari juu na kulipachika vyuma vingi. Fundi wa Nassa alikataa. Kila kilo ya chuma, alisema, ni kilo ya pamba iliyobaki shambani, tena gari refu hupinduka upesi. Alichofanya ni kusafisha mapande ya springi na kubadili yaliyovunjika, kutia bushi mpya, na kufunga matairi membamba yenye meno makubwa, yanayokata tope kutafuta ardhi ngumu. Mbele na nyuma alifunga ndoana imara za kuvutia.

Gari likikwama, msikanyage mafuta. Gurudumu linalozunguka mahali pamoja linajichimbia shimo. Shukeni, chimbeni tope lililo mbele ya magurudumu, tandikeni matawi, kisha muondoke kwa gia ya pili ya chini, polepole.

Jambo moja Nassa hawana, nasi tunalo: chumvi. Maji ya ziwa lao ni matamu, lakini upepo wetu wa pwani hula chuma mchana na usiku. Mbaya zaidi, alumini ikigusana na chuma penye chumvi, huliwa upesi. Gari letu litahitaji rangi nzito au mpira kati ya mwili na chesisi, na kuoshwa chini kwa maji matamu kila wiki. Na lile tunalouziwa limekaa miaka mitatu katika upepo huu.

Funzo la Kongwa

Kuna waliosema kwamba gari la rahisi haliwezi kututia hasara kubwa. Na wakumbuke mpango wa karanga wa Tanganyika ulioanza mwaka 1947, huko Kongwa. Serikali ya Uingereza haikupata matrekta mapya, ikanunua mengi yaliyotumika, mabaki ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino, na vifaru vya vita navyo vikageuzwa matrekta. Mengi yalifika yakiwa mabovu. Vipuri havipo, mafundi hawatoshi, na ardhi ni ngumu kama sakafu. Mwaka 1951 mpango ule ukaachwa, na mamilioni ya pauni yamepotea. Lile lililokuwa na hazina ya dola lilishindwa, sembuse sanduku letu?

Lakini siwavunji moyo. Tofauti yetu na Kongwa ni kwamba Land Rover mafundi wake wapo na vipuri vyake vinapatikana. Oktoba 2024 yalikusanyika Arusha mamia kwa mamia, na mengi yalikuwa ya zamani yaliyofika kwa nguvu zake yenyewe. Hata lile la Nassa, nilipoondoka lilikuwa likivuka mbuga na magunia ya pamba. Ila shemeji alinipa hesabu yake: kila shilingi moja ya kununua ilifuatwa na mbili za kutengeneza, na moja katika hizo mbili ilipotea kwa kuanza na injini.

Basi nashauri mkutano uweke masharti haya:

1. Fundi asiye jamaa wa muuzaji aigonge chesisi yote mbele ya wanachama wawili. Ikiwa imeoza mahali pa springi, tusinunue hata kwa bure.
2. Nambari ya chesisi ilingane na kadi ya gari, na usajili na ushuru wake uulizwe kabla ya kulipa.
3. Fedha za matengenezo, mara mbili ya bei, ziwe zimekwisha kutengwa sandukuni siku ya kununua.
4. Kazi ifuate utaratibu: chesisi, breki, injini na giaboksi, rangi iwe ya mwisho.
5. Dereva awe mmoja, naye afundishwe.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Gari hili limejitembeza hata mlangoni petu. Tusilifukuze wala tusilikumbatie, tulipime. Anayejua zaidi yangu na asimame mkutanoni aseme, nami nitakuwa wa kwanza kumshukuru.

Wassalaam,

Katibu wenu